Kutafuta mtaji wa staatapu (kampuni changa) mkiwa watu wanne tu: mwongozo kamili toka hesabu ya kwanza mpaka hela iingie benki

Sisi tuko wanne. Mmoja anaandika programu, mmoja anazunguka Kariakoo na Mbagala kuuza, mmoja yuko kwenye hesabu na wateja, na mimi ndo nasaini. Tuna apu ya maduka ya rejareja kuagiza mzigo kwa wenye jumla. Mara ya kwanza kutafuta mtaji tulienda wote wanne, kila simu ya mwekezaji tunakaa wote mbele ya laptopu moja, tukaona ndo umoja. Miezi mitano ikapita hela hakuna na mauzo yameshuka, maana aliyetakiwa kuwa madukani alikuwa anarekebisha slaidi na mimi mpaka usiku. Mara ya pili tulitumia wiki 14 toka barua pepe ya kwanza mpaka hela kuonekana kwenye akaunti, na mauzo hayakuyumba. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alitafuta hela na watatu wakalinda biashara. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Hesabu miezi mliyobakiza

Kabla hujaongea na mtu yeyote, chukua hela iliyopo benki na kwenye Lipa Namba, toa madeni ya kweli, yaani mishahara iliyolala, TRA, NSSF, kodi ya pango, alafu gawanya kwa kiasi mnachopungukiwa kila mwezi. Mfano mna milioni 54, mnatumia milioni 9 kwa mwezi na mnaingiza milioni 3, basi mnapungukiwa milioni 6 na mna miezi 9. Hapo pazuri, anza. Ukiwa na miezi 3 umechelewa, kwa sababu zoezi lenyewe likienda vizuri, pamoja na maandalizi, linakula miezi minne mpaka sita, na mwekezaji akishajua mna njaa ndo anapanga bei yeye. Kama umeshafika huko, kata matumizi kwanza au tafuta wateja wa kulipa mapema, alafu urudi.

Hapohapo jiulize kama hii hela ndo inawafaa. Mwekezaji wa hisa anataka kampuni iwe kubwa mara kumi au zaidi, duka zuri linalokulisha wewe na familia halimvutii hata kidogo, na hakuna ubaya wowote kwenye hilo. Kuna ruzuku pia: Funguo ya UNDP Tanzania, AECF, Tony Elumelu Foundation ambao wanatoa dola 5,000 kwa wanaoanza. Ruzuku haikuli hisa ila inakula muda wa ripoti, kwaiyo ihesabu kama kazi.

Na ujue hali ya soko. Kwa hesabu za Partech, kampuni ya uwekezaji, staatapu za Afrika zilipata kama dola bilioni 6.5 mwaka 2022, mwaka uliofuata zikashuka mpaka kama bilioni 3.5, na sehemu kubwa huwa inaenda Nigeria, Kenya, Misri na Afrika Kusini. Ukiwa Dar au Mwanza orodha yako lazima iwe ndefu kuliko ya mwenzako wa Nairobi. Watu wanaitaja NALA ya Benjamin Fernandes, apu ya kutuma hela, iliyopata dola milioni 40 mwaka 2024, wanasahau NALA walipita Y Combinator, programu ya Marekani ya kulea kampuni changa, mwaka 2019 na milioni 10 walizipata 2022. Ni miaka mitano hiyo.

Hatua ya 2: Gawa kazi, iandikwe

Mtafutaji ni mmoja, na kwa kawaida ni mkurugenzi mtendaji, kwa sababu wawekezaji wanataka kuongea na anayeamua. Huyo apunguziwe kazi nyingine kweli kweli, sio kwa maneno. Sisi tulihamisha wateja wakubwa sita niliokuwa nawashika mimi wakaenda kwa mwenzangu wa mauzo wiki mbili kabla ya kuanza, na niliwapigia mmoja mmoja kuwaambia.

Wa pili ni mtunza makaratasi na namba. Huyu kazi yake ni masaa manne mpaka sita kwa wiki, anaijaza folda ya nyaraka, anatoa takwimu za mwezi kila tarehe 3, anajibu maswali ya hesabu. Mtu wa teknolojia anaitwa mara moja tu, pale mwekezaji anapotaka kuuliza mambo ya mfumo. Wa mauzo haitwi kabisa, labda mwekezaji akitaka kutembelea wateja.

Kila Jumatatu dakika 30, mtafutaji anasema nani kaongea nani kakataa nani kaomba nini, basi. Nje ya hapo habari za wawekezaji zisiongelewe ofisini. Hii inaonekana ni kali ila niamini, "jamaa wa London kasema anaipenda" ikisikika Jumanne asubuhi, kazi ya siku nzima imeharibika, na akikataa Alhamisi timu nzima inalala na huzuni isiyokuwa yao.

Hatua ya 3: Makaratasi kabla ya barua ya kwanza

Hapa ndo dili nyingi za kwetu zinafia na ndo maana nitakaa sana. Mwekezaji anaweza kuipenda biashara yenu wiki ya tatu alafu akaondoka wiki ya tisa kwa sababu ya karatasi ambayo ingechukua siku kumi kuitengeneza.

Anza na hisa. Ingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, uangalie nani ameandikwa kama mwanahisa, usitegemee kumbukumbu. Watu wengi wakati wa kusajili walijaza jina la ndugu au rafiki ili fomu ipite, leo yule rafiki ana 30% na yuko Dodoma na shughuli zake. Kumuondoa kunawezekana ila hisa zikihama TRA wanahusika, kuna kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu wa kuangaliwa, na bila TRA BRELA hawakubadilishii. Fanya sasa wakati kampuni haina thamani kubwa, na mwenzako hajasikia kuna mzungu analeta dola. Kwa walioko Kenya karatasi inayoombwa ni CR12 (inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa), itoe mpya, wawekezaji wengi hawapokei ya zamani.

Alafu mkataba wa waanzilishi. Hisa za kila mwanzilishi ziive, yaani ziwe zake kweli, kidogo kidogo kwa miaka 4, na mwaka wa kwanza akiondoka haondoki na kitu. Kama hamna huo mkataba mwekezaji atawalazimisha muweke, bora muuweke wenyewe mkiwa mnapendana.

Programu ni mali ya nani? Kama iliandikwa na kijana wa kuokoteza mtandaoni mkamlipa kwa M-Pesa bila karatasi, mtafute asaini kwamba haki zote ni za kampuni, mlipe kitu kidogo kwa usumbufu. Jina la tovuti na akaunti za sava ziwe kwenye barua pepe ya kampuni. Sisi jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa na mtu aliyeshaacha kazi, tulilipata baada ya wiki tatu za kubembelezana.

Mengine kwa haraka: cheti cha kutodaiwa kodi, hesabu za mwaka hata kama ni ndogo, mikataba ya wafanyakazi, mikataba ya wateja wakubwa, leseni ya biashara, na usajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mnashika taarifa za watu (sheria yetu ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019). Weka vyote kwenye folda moja ya Google Drive, folda ndogo ndogo zenye namba: 01 Usajili, 02 Hisa, 03 Hesabu, 04 Wateja, 05 Wafanyakazi, 06 Programu, 07 Kodi. Linki ya folda usiitume kwenye barua ya kwanza. Inatolewa mwekezaji akishasema anaendelea, na folda ya wateja inafunguka mwisho kabisa.

Suala la Delaware

Utaambiwa mapema sana fungua kampuni Delaware, Marekani. Ni kweli wawekezaji wengi wa nje wanaizoea na wengine hawaweki hela kwingine. Ila usikimbilie. Ukishakuwa nayo una kampuni mbili, hesabu mbili, mawakili wawili, na kodi ya kila mwaka kule inayotakiwa kabla ya tarehe 1 Machi. Barua ya kodi hiyo imewatoa watu jasho: kampuni yenye hisa milioni 10 zilizoidhinishwa inaandikiwa zaidi ya dola 85,000, mtu anadhani kafilisika, kumbe kuna njia ya pili ya kukokotoa ambayo kwa kampuni changa mara nyingi inashuka mpaka dola 400, na ada ya ripoti 50 juu yake. Lazima uijaze kwa hiyo njia ya pili wewe mwenyewe au wakala wako.

Na upande wa huku, kuiweka kampuni ya Tanzania chini ya ile ya Marekani ni kubadilisha umiliki, na Sheria ya Kodi ya Mapato ina kifungu kuhusu umiliki ukibadilika kwa zaidi ya 50%. Ongea na mhasibu anayejua hiyo kitu kabla hujasaini. Ushauri wangu ni kusubiri mpaka kuna mwekezaji mwenye hela mkononi anayeitaka, na gharama za kuhamia ziingie kwenye mazungumzo.

Hatua ya 4: Orodha

Fungua Google Sheets. Unahitaji majina 80 mpaka 100, na ndio ni mengi, kwa sababu kwenye 100 ukiongea na 35 na watano wakafika kwenye masharti umefanya kazi nzuri sana. Kila jina liwe na: anaweka kiasi gani kwa mara moja, amewahi kuweka Afrika Mashariki au hapana, nani tunayemjua anamjua, tarehe ya mwisho kuwasiliana, hatua inayofuata, na hiyo hatua ni ya lini. Hiyo safu ya "lini" ndo injini ya jedwali lote. Kila asubuhi unachuja za leo unazimaliza.

Majina utayapata wapi? Kwenye tovuti za wawekezaji wenyewe kuna orodha ya kampuni walizoweka hela. Pitia Novastar, TLcom, Launch Africa, Antler, andika kampuni zinazofanana na yenu ila hazishindani nanyi. Waanzilishi wa hizo kampuni ndo watu wa kuwatafuta kwanza. Mwambie ukweli, naomba dakika 20 unieleze huyu mwekezaji yukoje baada ya kuweka hela, anapokea simu mambo yakiharibika? Utajifunza mengi, na nusu yao wenyewe watakwambia ngoja nikutambulishe.

Angalia na ukubwa. Mfuko wa uwekezaji wa dola milioni 100 hauwezi kuhangaika na dola 50,000, mtapotezeana muda. Na usiwadharau watu binafsi: Mtanzania aliyefanya kazi benki miaka 20, dada yako wa Toronto na wenzake watatu, mwenye jumla anayetumia apu yenu. Hela yao ni ndogo ila inafika haraka, na mwekezaji mkubwa akikuta wanaokujua wameweka anatulia.

Wapange A, B na C. A ni wale unaowataka kwa moyo wote. Usianze nao. Anza na B kumi, maana maswali ya wiki ya kwanza yatakuonyesha matundu, uzibe, alafu ndo uende kwa A.

Hatua ya 5: Deki na namba

Deki ni slaidi 10 mpaka 12 za kumweleza mwekezaji: tatizo, mnavyolitatua, nani analipa, ukuaji, soko, timu, mnaomba kiasi gani na kitafanya nini kwa miezi 18. Sitarefusha, mifano imejaa. Nitasema moja tu: namba ya mauzo kwenye deki, kwenye eksel na mdomoni mwako iwe ileile. Ukisema mauzo ya mwezi ni milioni 40 kumbe hiyo ni thamani ya mzigo uliopita kwenye apu na kamisheni yenu ni milioni 3, mwekezaji akigundua mwenyewe imeisha. Taja zote mbili, na ujue ya kwako ni ipi. Weka taarifa za Lipa Namba na benki zinazothibitisha, na uandike kiwango cha dola ulichotumia na tarehe yake.

Hatua ya 6: Barua ya kutambulishwa

Anayekutambulisha usimpe kazi ya kuandika. Mwandikie wewe barua fupi ambayo yeye anaisambaza tu. Utaiandika kwa Kiingereza mara nyingi ila mwendo wake ni huu:

"Habari kaka, asante kwa kukubali kunitambulisha. Tuna apu inayowaunganisha maduka ya rejareja Dar na wenye jumla. Maduka 410 yanaagiza kila wiki, mwaka jana wakati kama huu yalikuwa 120. Tunatafuta dola 300,000, tayari tuna ahadi ya 60,000. Namwandikia huyu mwekezaji kwa sababu ameshaweka kwenye usambazaji Kenya. Deki hii hapa. Nina nafasi Jumanne na Jumatano wiki ijayo."

Tuma 12 mpaka 15 ndani ya wiki moja, sio tatu leo tatu mwezi ujao. Wote wakiwa kwenye hatua moja kwa wakati mmoja, akipatikana wa kwanza wengine wanaharakisha. Ukiwatuma mmoja mmoja kila mtu anakuwa na muda wa kukuzungusha. Epuka Agosti, Ulaya wako likizo, na kuanzia katikati ya Desemba hakuna anayesaini.

Hatua ya 7: Mitingi na kufuatilia

Saa nne asubuhi San Francisco ni saa mbili usiku Dar, na wakibadilisha saa zao kipindi cha baridi inakuwa saa tatu. Kwaiyo mtafutaji akiwa na simu za Marekani asitegemewe ofisini asubuhi yake, kubalianeni mapema. Na hii saa yetu ya Kiswahili inaponza, mwekezaji wa Nairobi akikwambia kwa simu "saa tatu" muulize asubuhi ya Kiswahili au alasiri ya Kizungu, alafu utume mwaliko wa kalenda hapohapo. Umeme ukatike usikatike, rauta iwe na pawabenki yake na simu ya pili iwe na bando la mtandao mwingine.

Mtingi ukiisha andika ndani ya saa moja: alichouliza, alichoogopa, ulichoahidi. Ulichoahidi kiende siku hiyohiyo. Asipojibu mkumbushe siku ya 5 na siku ya 12, baada ya hapo mhamishie kwenye barua ya mwezi ya kuwapa wawekezaji namba zenu. "Tunapenda mnachofanya, tuendelee kuwasiliana" ihesabu ni hapana, ya adabu, mshukuru na umuulize ni kitu gani angetaka kukiona ndo abadili mawazo. Mimi wawili waliosema hivyo mara ya kwanza ndo waliweka hela mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nawatumia namba kila mwezi hata zikiwa mbaya.

Hatua ya 8: Masharti

Kwa hatua hii wengi mtatumia SAFE, karatasi ya mwekezaji kutoa hela sasa na kupata hisa kwenye raundi (awamu ya kutafuta mtaji) ijayo, iliyoanzishwa na Y Combinator mwaka 2013, na toka 2018 wanatumia toleo ambalo hesabu yake inafanyika baada ya hela kuingia. Hesabu yake ni nyepesi: dola 100,000 kwenye kikomo (thamani ya juu ya kampuni inayotumika kukokotoa hisa zake) cha milioni 1 ni 10%. Shida inakuja zikirundikana. Ukichukua nyingine ya 150,000 kwa kikomo cha milioni 1.5 ni 10% tena, na hizo mbili hazipunguziani, zote zinatoka kwenu waanzilishi, mmebaki na 80%. Raundi inayofuata mwekezaji mkubwa akataka 20% na akasema tengeni 10% ya wafanyakazi, ile 80% mnaizidisha kwa 70%, mmebaki na 56%, gawaneni wanne. Fanya hiyo hesabu kwenye eksel kabla ya kusaini ya kwanza, na timu yote iione.

Ukifika kwenye hisa kamili utaletewa karatasi ya masharti. Angalia nani anapata hela kwanza kampuni ikiuzwa: kurudishiwa alichoweka mara moja ni kawaida, kurudishiwa alafu bado agawane na nyinyi kilichobaki, kataa. Angalia viti vya bodi, na siku za kutoongea na mwekezaji mwingine, 30 mpaka 45 zinatosha. Mlipe wakili aliyewahi kufanya hizi dili, wakili wa viwanja na ndoa hata kama ni mjomba atakuchelewesha na hatojua cha kupigania.

Jambo moja watu wanalipita: kama karatasi yenu ni noti inayoanza kama mkopo, na anayekopesha yuko nje, mkopo wa nje unatakiwa kuandikishwa Benki Kuu kupitia benki yenu mpate namba ya kumbukumbu ya deni. Bila hiyo siku ya kulipa au kurudisha hela nje mtakwama.

Hatua ya 9: Kufunga

Aliyesema ndiyo mtumie karatasi siku hiyohiyo na tarehe ya kusaini. Usisubiri wote watimie kama masharti yanaruhusu, SAFE inakubali mmoja mmoja. Wiki moja kabla hela haijatumwa nenda tawini ukaongee na meneja, mpe mkataba uliosainiwa, azimio la bodi, na jina la anayetuma, kwa sababu dola 150,000 zikitua ghafla kwenye akaunti iliyozoea milioni 5 zitazuiwa mpaka mjieleze. Mwekezaji atume dola 100 kwanza za majaribio, mthibitishane namba ya akaunti kwa sauti ya simu, sio barua pepe tu, wezi wa kubadilisha namba za akaunti wapo.

Zikishaingia, ndani ya siku tatu: rejista ya hisa au jedwali la SAFE lisahihishwe, BRELA wapelekewe fomu kama hisa mpya zimetolewa, wote waliobaki kwenye orodha waandikiwe kwamba raundi imefungwa na wataendelea kupata barua ya mwezi. Alafu mtafutaji arudishiwe wale wateja wake sita, awapigie tena mmoja mmoja. Mimi nilianza na mama wa duka la Mbagala Rangi Tatu, akaniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile, na mzigo wa sabuni unafika lini.